Senti 75 za Berkeley: Hotuba juu ya Kazi ya Upelelezi wa Kompyuta

Mazungumzo haya yanahusu kazi ngeni, ingawa asili yake si ngeni. Kazi hiyo ni upelelezi wa kompyuta, yaani kutafuta ndani ya mashine hizo alama za jambo lililotendeka, kuzihifadhi zisiharibike, na kuzieleza mbele ya hakimu kwa namna itakayomridhisha. Watu wengi wakisikia habari zake hudhani kuwa ni uganga, au kuwa ni mchezo wa vijana wasiolala. Kwa habari ya kutolala hawakukosea sana. Lakini uganga haumo. Kilichomo ni subira, na kuandika kila kitu kwa tarehe na saa, na mtu mwenye mambo mengine ya kumrudisha katika maisha ya watu pindi achokapo: jiko lake, baiskeli yake, safari zake na vitu anavyopenda kuvitengeneza kwa mikono.

Mtu wa namna hiyo aliye mashuhuri kuliko wote ni Clifford Stoll, Mmarekani aliyezaliwa katika mji wa Buffalo, jimbo la New York, mwaka 1950. Hakusomea upelelezi hata siku moja. Alisomea elimu ya falaki, ile ile ambayo kwayo watu hujua mwendo wa sayari na kuandama kwa mwezi, akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Arizona mwaka 1980. Mwaka 1986 alikuwa katika maabara ya Lawrence Berkeley, iliyo juu ya vilima vya mji wa Berkeley katika California, akishiriki katika kupanga vioo vya darubini kubwa ya Keck. Fedha za kazi ile zikaisha. Wakubwa hawakumfukuza, walimteremsha ghorofa ya chini kabisa, kwenye chumba cha kompyuta, awe mmoja wa waangalizi wake.

Siku zile muda wa kompyuta ulikuwa ghali, ukihesabiwa kama maji ya kununua. Kila mtaalamu aliyetumia mashine ya maabara alitozwa kwa kadiri ya muda alioutumia, na programu mbili mbali mbali ziliweka hesabu hizo. Mwisho wa mwezi hesabu mbili zile hazikupatana. Katika maelfu ya dola, tofauti ilikuwa senti 75. Stoll alikuwa mgeni wa kazi, akapewa jambo hilo kama mazoezi tu. Lakini kila mwenye duka anajua kuwa pengo kubwa katika hesabu hujieleza lenyewe: ama mwizi, ama mkopo uliosahauliwa. Pengo dogo ndilo linalomnyima mtu usingizi, kwani huenda ni kosa la kalamu, na huenda ni tundu la panya ambalo mwisho wake haujulikani.

Alipochunguza akaona jina la mtu asiyejulikana, Hunter, aliyetumia kompyuta kwa sekunde 9 bila ya kuwa na anwani ya kupelekewa hesabu. Akalifuta jina hilo. Haukupita muda, likaja lalamiko kutoka kwa wenye kompyuta nyingine ya mbali, kuwa mtu kutoka Berkeley amejaribu kuvunja mlango wao. Jina lililotumika katika jaribio lile lilikuwa la mtaalamu mmoja wa maabara, lakini mwenyewe alikuwa Uingereza kwa mwaka ule wote. Bwana yuko ng'ambo, na jina lake linatembea usiku nyumbani. Hapo ikadhihirika kuwa hakuna kosa la kalamu.

Palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kufunga mlango na kumaliza maneno, na ndiyo wengi waliyoifuata, kwa kuwa mlango uliofungwa hauleti aibu. Ya pili ilikuwa kuuacha wazi na kumtazama mwizi anaingiaje na anatafuta nini. Stoll alichagua ya pili, na mkuu wake akamkubalia. Maabara ile ilikuwa na njia 50 za simu zilizoingia katika kompyuta. Ijumaa jioni, wenzake walipokwisha kwenda nyumbani, alipita katika vyumba vyao akachukua mashine zao za kuchapa, bila ya kuwauliza, akaifunga moja kwa kila njia. Akalala sakafuni kati ya mashine hizo. Kwa wenye mashine lilikuwa jambo la kuudhi, bila shaka; lakini kabla ya mwisho wa juma kwisha, mojawapo ilikuwa imetapika karatasi yenye urefu wa zaidi ya mita 20, na ndani yake kila neno mwizi aliloandika na kila jibu alilopewa.

Karatasi ile ndiyo iliyoonyesha hila yake. Ndani ya kompyuta ile mlikuwamo programu ya kuandikia iitwayo Emacs, nayo ilikuwa na kasoro: ilimwezesha mtu yeyote kuhamisha faili lake mpaka mahali pa ndani kabisa pa mashine, pasiporuhusiwa ila wasimamizi. Mashine ile ilikuwa na kawaida ya kuamsha programu moja ya kazi zake kila baada ya dakika 5. Mwizi alitia programu yake mahali pa ile, mashine ikaiamsha kwa ujinga wake, nayo ikampa mamlaka yote. Kisha alirudisha ile ya kwanza na kufuta nyayo. Kuna ndege aitwaye kekeo, na baadhi ya jinsi zake hutaga yai katika kiota cha ndege mwingine, na mwenye kiota akalilea kama lake. Kwa hiyo Stoll alipoandika kitabu cha habari hizi mwaka 1989 alikiita The Cuckoo's Egg, yaani yai la kekeo.

Kufuatia nyayo ilikuwa kazi ya karibu mwaka mzima. Stoll alinunua daftari, akaandika humo kila tukio, saa yake, na jina la kila aliyezungumza naye kwa simu, kwa sababu mwanafalaki hufundishwa kuwa nyota isiyoandikwa usiku ule ule ni kama haikuonekana. Alivaa kiunoni kidude cha kumwita, kikalia akiwa kazini, akiwa chakulani, na akiwa kitandani. Kilipolia hupanda baiskeli yake na kuukwea mlima. Aliona kuwa mwizi haingii Berkeley ili akae Berkeley. Aliitumia kama ukumbi wa kupitia kwenda katika kompyuta za majeshi, akitafuta mafaili yenye maneno ya silaha za nyuklia na ya mpango wa Marekani wa kujikinga na makombora. Katika kambi kadhaa aliingia bila taabu, kwani wasimamizi hawakuwa wamebadilisha maneno ya siri yaliyokuja na mashine kutoka kiwandani. Mahali pengine alijiita mgeni, akafunguliwa bila ya kuulizwa neno lolote. Siku moja Stoll alipoona mwizi anakaribia kuchukua jambo la hatari, hakukata njia, asije akamshtua. Alitoa funguo zake mfukoni akazichezesha juu ya nyaya, mazungumzo yakajaa kelele kama simu mbovu, na mwizi akakata tamaa kwa siku ile.

Je, mwizi alikuwa wapi? Mwanafalaki alijaribu kupima masafa kwa hesabu ya fani yake. Alipima muda ambao neno lilitumia kwenda na jibu kurudi, akalifanyia hesabu, na hesabu ikamwambia kuwa mtu huyo yuko mbali kama mwezi. Hesabu haikuwa na kosa, ila neno lilikuwa likikawia njiani katika vituo vingi. Kilichomfaa zaidi ni saa. Mwizi alipenda kuingia karibu na adhuhuri ya California, wakati ambao mtu mwenye shule au kazi hana nafasi, tena gharama za simu ziko juu. Basi pengine kwake ni usiku. Adhuhuri ya California ni saa tatu za usiku katika Ujerumani. Na kweli, wataalamu wa shirika la mtandao wa Tymnet walipofuata njia, walikuta inapita katika kampuni moja ya mambo ya ulinzi huko Virginia, na kutoka hapo inavuka bahari kwa setilaiti mpaka Ujerumani ya Magharibi, katika chuo kikuu cha Bremen.

Yafaa isemwe kwamba wakati wote huu wakubwa wa serikali hawakumsaidia kwa haraka. Idara ya upelelezi ya FBI iliona kuwa senti 75 si kesi, na kwamba hapana siri rasmi iliyovunjwa. Idara nyingine kila moja ilitaka kusikia habari zake na kila moja ilisema si kazi yetu. Na huku nyuma, marafiki zake wa Berkeley walikuwa watu wasiopenda majasusi wala majeshi, wakamwuliza kwa nini anawapelekea habari. Swali hilo lilimwuma, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao. Alipofika mwisho wa mawazo yake aliona hivi: mtandao wa kompyuta wakati ule ulikuwa kama kijiji ambacho milango haifungwi. Mtu akiingia nyumba za wenzake usiku, hata asipoiba kijiko, kijiji chote kitanunua makufuli, na watu hawatapelekeana tena chakula kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo aliyemkasirikia ni mvunja amana, hata kama aliyevunjiwa ni jeshi asilolipenda. Rai hii ina nguvu, na waliomcheka siku zile sasa wanaandika neno la siri mara kumi kwa siku.

Ili njia ifuatwe kutoka Bremen mpaka mlangoni kwa mwizi, ilikuwa lazima abaki kwenye simu muda mrefu, maana mafundi wa posta ya Ujerumani walipaswa kufuata waya kwa mkono, kutoka swichi hata swichi. Mwizi hakukaa zaidi ya dakika chache. Hila ya kumweka haikutoka kwa majasusi wala kwa mafundi. Ilitoka nyumbani, kwa mwanamke mwanafunzi wa sheria aliyekuwa akiishi naye, ambaye baadaye alimwoa: kama mwizi anapenda habari za makombora, apewe za kumshibisha. Basi wakabuni idara isiyokuwapo, wakaipa karani asiyekuwapo, wakajaza mafaili kwa maneno marefu ya kiofisi yasiyokuwa na maana yoyote. (Kwa mtu aliyezoea barua za serikali, kazi hiyo haikuwa ngumu.) Mwizi aliyaona, akakaa akiyasoma na kuyanakili, na mafundi wakafika mpaka nyumba yake katika mji wa Hannover. Alikuwa kijana aitwaye Markus Hess. Miezi michache baada ya mtego kutegwa, barua ikafika Berkeley kutoka mji wa Pittsburgh, ikiomba maandishi ya idara ile ya uongo kwa jina la karani yule yule wa uongo. Jina hilo halikujulikana na mtu yeyote duniani ila aliyeyasoma mafaili yale, na hapo ikadhihiri kuwa yaliyoibwa yalikuwa yakiuzwa.

Waliokuwa wakinunua ni idara ya ujasusi ya Kisovieti, KGB. Mashtaka yalisikilizwa katika mji wa Celle, na Stoll alisafiri mpaka Ujerumani kutoa ushahidi. Mwezi wa Februari 1990 Hess na wenzake wawili walihukumiwa vifungo vya kati ya miezi 14 na miaka 2, vyote vikaahirishwa, wakaenda nyumbani. Watu wengine waliona hukumu hiyo ni nyepesi. Lakini mmoja wa kundi lile hakuwapo mahakamani. Karl Koch, kijana aliyekuwa ameharibiwa na madawa ya kulevya na aliyekwisha kwenda mwenyewe kuungama kwa wenye serikali, alikufa mwezi wa Mei 1989, na maiti yake ilionekana mwituni imeteketea. Alikuwa na umri wa miaka 23. Polisi walisema amejiua, na wako wasiokubali mpaka leo. Wengi waisimuliao hadithi hii kama mchezo wa paka na panya humpitia kijana huyu kwa haraka, na hiyo si haki.

Tangu zama zile kazi hii imekuwa fani kamili, yenye kanuni na shule zake. Kanuni yake ya kwanza ni kutoigusa asili. Mpelelezi akipewa kompyuta au simu ya mshukiwa, haifungui akaanza kupekua, kwa kuwa kule kuiwasha tu hubadilisha tarehe na alama nyingi. Huifunga kwa kifaa kinachoruhusu kusoma na kuzuia kuandika, akatoa nakala ya kila chembe iliyomo, kisha akaipigia hesabu asili na nakala. Hesabu hiyo hutoa mfuatano wa herufi na tarakimu ulio kama alama ya kidole: ikibadilika nukta moja tu katika maelfu ya kurasa, mfuatano wote hugeuka. Wakili wa upande wa pili akisema kuwa ushahidi umechezewa, hesabu hupigwa tena mbele ya hakimu. Na kila mkono uliopokea mashine ile hutia sahihi na saa, kutoka kwa askari aliyeikamata mpaka mezani mwa mahakama. Likikosekana jina moja katika mlolongo huo, kazi ya miezi huweza kuanguka kwa dakika tano.

Watu huuliza vipi kilichofutwa huonekana tena. Mfano wake ni kitabu chenye faharasa. Mtu akifuta faili, mara nyingi mashine hufuta mstari wa faharasa tu, na ukurasa wenyewe hubaki mahali pake mpaka siku utakapoandikwa juu yake. Kwa diski za kisasa zisizozunguka mambo yamekuwa magumu zaidi, kwani nyingi husafisha kurasa hizo zenyewe. Lakini hata hivyo hubaki alama za pembeni. Katika mji wa Wichita, jimbo la Kansas, mtu mmoja aliua watu kumi tangu mwaka 1974 mpaka 1991, akawa anawaandikia polisi barua za kejeli, na asijulikane. Mwaka 2005 alipeleka maneno yake katika kisahani cha kompyuta, baada ya kuwauliza polisi wenyewe kama kisahani huweza kumfichua, nao wakamjibu kwa tangazo la gazetini kuwa hakuna neno. Ndani yake wapelelezi wakakuta alama za faili lililofutwa, zenye jina Dennis na jina la kanisa moja ambalo yeye alikuwa mwenyekiti wa baraza lake. Dennis Rader alikamatwa mwezi ule ule. Zaidi ya miaka 30 ya kujificha ilikwisha kwa neno ambalo hakujua kuwa ameliandika.

Mambo haya hayako mbali na nchi hizi. Uganda ilitunga sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta mwaka 2011, na Rwanda ikatunga yake ya makosa ya mitandaoni mwaka 2018. Na mahali ambapo fedha hutumwa kwa simu ya mkononi, shahidi wa deni na wa wizi huwa ni simu hiyo hiyo. Kijana wa hapa anayetaka kuifanya kazi hii ajue kuwa ina safari nyingi, kwa sababu mashine haziji kwa mpelelezi. Yeye ndiye azifuataye. Na safari zake si za starehe: mtu amebeba diski ya watu, haiachi chumbani akaenda kutazama mji.

Tena ajue kuwa kazi hii huonyesha mtu siri mbaya za wenzake kutwa kucha, na moyo usio na pa kupumzikia huharibika. Katika jambo hili Stoll ni mfano mwema, ingawa pengine ni wa kuchekesha. Katikati ya kitabu chake cha majasusi alitia namna ya kuoka biskuti za chokoleti, na wako waliosoma kitabu kile wakasahau majina ya majasusi lakini biskuti wakazioka. Aliwahi kutia viatu vyake vilivyolowa katika jiko la umeme ili vikauke, vikaungua. Baadaye aliwafundisha watoto wa shule elimu ya fizikia, akawapimisha mwendo wa sauti. Alipenda vyombo vya hesabu vya kale, akaandika mwaka 2004 habari za Curta, mashine ndogo ya kujumlisha inayoshikwa kiganjani, ambayo Curt Herzstark aliikamilisha michoro yake akiwa mfungwa katika kambi ya Buchenwald.

Wala hakuwa mtu asiyekosea. Mwaka 1995 aliandika katika gazeti la Newsweek kuwa habari za watu kununua vitabu na magazeti kwa mtandao ni porojo, na kuwa duka la mtaani halitashindwa na kompyuta. Miaka ikapita, akakubali hadharani kuwa alipotea. Na tena yeye mwenyewe alifungua biashara ya chupa za kioo za umbo la ajabu liitwalo la Klein, chupa ambayo ndani yake na nje yake ni upande mmoja. Alizipanga kwa mamia katika nafasi nyembamba chini ya sakafu ya nyumba yake huko Oakland, mahali ambapo mtu hupita kwa kutambaa, akaunda kigari kidogo cha kuongozwa kwa mbali kimtolee maboksi. Wanunuzi wa chupa hizo huagiza kwa mtandao.